Sahani ya Dada Fundi

Ijumaa, 5 Septemba
Simu zote nilizoletewa leo kutengeneza chafu. Jasho, unga, nywele, na kwenye spika moja kitu cha kijani ambacho sikutaka hata kukijua. Na watu wanaziweka mdomoni! Nimesugua na spiriti mpaka vidole vimekauka.

Mchana nikafunga meza, mbio nyumbani. Ijumaa ni pilau kwa Bi Rukia, mwenye nyumba. Waarabu wa hapa hapa Tegeta, duka lao lipo tangu barabara ni vumbi. Mkeka uani, sinia moja: yeye, binti yake Salma, mjukuu wake Munira, na mie mpangaji. Bi Rukia anachambua nyama kwa vidole vyake, ananisogezea upande wangu. "Kula, Dada Fundi, umekonda kama antena." Kila Ijumaa hivyo hivyo. Siku nyingine nakulaga chipsi nimesimama. Hapa tu ndio nakaa chini na watu.

Jumapili, 7 Septemba
Nimepagawa! Nimetoa lenzi kwenye kamera ya simu mbovu, nikaigeuza, nikaibandika juu ya kamera yangu. Nimejifunza kwenye video, bure. Chumvi inaonekana kama vipande vya kioo. Mguu wa nzi, msitu mtupu. Nikamwita Munira alete kidole. Chini ya kucha, mama yangu! Jalala. Yeye kacheka mpaka kakaa chini. Mie sikucheka. Kidole hicho hicho juzi kilikuwa kwenye wali wangu.

Nimeshinda nasoma habari za bakteria. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kunawa mikono.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimeharibu.

Nilienda na sahani yangu na kijiko. Shikamoo kwanza, kwa heshima zote. Nikasema naomba nipakuliwe pembeni, ishu ni bakteria tu. Nikawaonyesha picha ya kucha. Nilidhani watashangaa, watataka kuona zaidi. Munira akaficha mikono chini ya mapaja. Salma akamwangalia mamaake. Bi Rukia akasema, "Sawa, mwanangu." Akanipakulia, nyingi, na ile nyama nzuri. Nikala pembeni ya mkeka. Kijiko kinagonga sahani.

Jumatano, 17 Septemba
Hakuna aliyenuna. Shikamoo zangu zinaitikiwa vizuri tu. Hiyo ndio inaniuma. Wangenitukana ningejua pa kuanzia. Munira haji tena kuchungulia lenzi.

Ijumaa, 19 Septemba
Nilivaa dera safi nikasubiri kuitwa. Hodi. Munira, kashika sahani ya bluu, mpya, imefunikwa kawa.

"Bibi kasema hii yako peke yako. Tumeiosha na maji ya moto."

Huyo, mbio.

Nimekula kitandani. Nimepata nilichoomba. Safi kabisa, hakuna mkono wa mtu. Nimeshindwa kuimaliza. Uani nawasikia wanacheka. Nimeongeza sauti ya muziki, bado nawasikia.

Jumatatu, 22 Septemba
Nilikuwa nafua, Salma anaanika nguo. Nikajitutumua, nikamuuliza kwa nini siitwi. Akanivaa.

"Kumbe unadhani kinyaa unacho wewe tu? Kopo la chooni hujalishika tangu umehamia. Karatasi, basi, umetakata! Mtu asiyechamba kwa maji sie tunamuonaje, unajua? Mie nilimwambia mama, huyu tumpakulie pembeni. Akanigombeza. 'Mtoto wa watu yuko peke yake, nawa ukale.' Muda wote huo anakuchambulia nyama. Halafu wewe ndio unatuletea picha ya kucha!"

Nikabaki na povu mikononi. Uso wa moto. Sikuwahi kuwaza kuhusu kopo. Kwetu Njombe maji yanakata vidole kwa baridi, karatasi ndio nimekulia. Kumbe walijua. Walikuwa wananionea kinyaa, na walikula na mie. Mie nilivyoona kinyaa nikabeba sahani.

Aibu. Aibu tupu. Nimefua shuka moja mara mbili bila kujua.

Jumanne, 23 Septemba
Nimenunua kopo. La njano. Nimelibeba katikati ya uani mchana kweupe, kila mtu anaona. Salma alikohoa.

Ijumaa, 26 Septemba
Sahani ya bluu ilikuja. Sikuifunua. Nikaibeba na kawa lake mpaka uani. Walikuwa washaanza. Shikamoo. Marahaba. Nikasimama tu na sahani yangu mkononi. Bi Rukia hakuniangalia. Akasogeza goti.

"Kanawe."

Munira akanimiminia maji kwa birika. Akazikagua kucha zangu, moja moja. Zilikuwa nyeusi, asubuhi nilikuwa nachomelea tundu la chaji kwenye simu ya mteja.

"Chafu," akasema.

Salma akacheka. Kidogo tu. Hatujawa sawa bado, naona. Wali wa sahani yangu ukamiminwa kwenye sinia, na nyama ikasogezwa upande wangu kama zamani. Hakuna aliyesema nimekonda.

Sasa niko chumbani. Feni inazunguka, kopo liko nyuma ya mlango. Mkono nimesuuza kwa maji tu. Bado unanukia iliki. Sabuni ipo pale, sijaigusa.