Msitu Nilioukagua kutoka Ukingoni

Kwa dada yangu mpendwa Wawira,

Katika kazi yangu, "kipande cha msitu" ni miti ya asili iliyosalia pamoja baada ya msitu mkubwa kukatwa, ikazungukwa na mashamba, hata mnyama akitaka kutoka humo hana budi kupita mahali pasipo na kivuli. Naanza na maana hiyo kwa sababu barua hii inahusu kipande kimoja tu, kile kilicho nyuma ya majani chai yetu hapo Kanja, na nikianza na salamu huenda nisilifikie neno lenyewe. Hata hivyo nakusalimu. Goti la mama limepata nafuu? Mimi mwili ni mzima. Huku baridi imeingia. Nafundisha chuoni kutwa, na jioni napika githeri, mahindi kwa maharagwe ya mkebe, ambayo usingeyakubali.

Uliponipigia simu Jumapili hukunilaumu. Ulinieleza tu kwamba kamati ya hifadhi imechagua vipande vitatu vya kulindwa na chetu hakimo, na kwamba vigingi vya kugawa viwanja vimeshapigwa upande wa mto. Ulipouliza sababu, afisa alikuonyesha orodha ya wanyama, na chini yake jina langu. Nami nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na shida yoyote.

Siku ile ya ukaguzi, miaka mingi iliyopita, unaikumbuka, lakini naiandika yote kwa sababu nataka uisome barua hii barazani, mbele ya chifu.

Vipande vingine vyote nilivipita kwa miguu, kwa mstari ulionyooka, nikihesabu. Kilibaki hicho. Babu zetu walitambikia humo, na marehemu baba, mzee wa kanisa, alitulea tukijua kwamba mtoto wake hakanyagi pale. Nilikuwa na shahada mbili, nikasimama ukingoni kama mtu aliyetumwa kwa jirani mwenye mbwa. Wewe, mwalimu wa shule ya Jumapili, ulikuwa umenishikia ncha ya utepe wa kupimia. Ulicheka.

"Umesoma mpaka ukaogopa miti? Lete hiyo kalamu."

Uliingia peke yako. Ulitoka baada ya muda mrefu, sketi imelowa umande hadi magotini, ukanitajia mbega na watoto wao, paa mmoja, na hondohondo juu ya mtini. Nilikujibu kwamba hesabu ya mtu asiyefunzwa haiandikwi.

"Basi ingia wewe uliyefunzwa," ukasema.

Sikuingia. Niliandika kwenye fomu kwamba kipande kimekaguliwa chote na hakina mnyama wa msituni. Jioni baba aliuliza kama nilikanyaga humo. Nikamwambia sikukanyaga, akafurahi. Ukweli nilimpa baba, uongo nikaupeleka kazini.

Kwa miaka mingi nimejikinga kwa hoja ya kitaalamu: wanyama wa kipande huhama, wengine huingia, kwa hiyo kila orodha huchakaa. Hoja ni sahihi, na naifundisha. Lakini orodha iliyochakaa iliwahi kuwa kweli. Yangu, kwa kipande kile, haikuwahi. Naona aibu hata kulitazama jina langu juu ya mlango wa ofisi.

Leo nimeiandikia kamati kukiri, na nakala nimeiweka ndani ya bahasha hii. Chuo nacho nimekiarifu. Watakaloamua juu yangu ni haki yao. Vile vipande vitatu nilivikagua kwa uaminifu, na nimewasihi wasiviache kwa kosa langu.

Msomee mama kabla ya baraza, asije akayasikia kwa watu. Msalimie shemeji Nyaga na ng'ombe wake, na mjomba Ireri, fundi wetu wa mabati.

Nimeomba hesabu ifanywe upya kabla kigingi kingine hakijapigwa, nawe uingie pamoja na watakaotumwa. Lakini mikaratusi sasa imekizunguka kipande kile, na huenda mbega uliowaona wamekwisha kuhama. Wakaguzi wakikosa kitu, orodha mpya itafanana na ile ya uongo, na itakuwa kweli. Hapo, dada, kipande kihukumiwe kwa walio ndani yake leo, au kwa wale uliowaona wewe nami nikakataa kuwaandika?

Mdogo wako,
Njeru