Mgomba Ulioombolezwa

Bukavu, 4 Februari 1957

Shemeji Domitille,

Salamu kwanza. Nauliza habari za mwili wako, za chakula, na za joto la huko Ekwateri. Mimi miguu imevimba hadi magotini na pumzi imekuwa fupi. Daktari wa hospitali ya Katana amenirudisha nyumbani bila dawa, nami nimeelewa.

Ndiyo sababu naandika. Mwaka 1948 ulihamishwa kwa amri, eti wewe ni wa Kitawala, dini iliyopigwa marufuku. Hukujua nani alitaja jina lako. Ni mimi. Nilikuwa karani wa teritwari, kwenye ofisi ya Wabelgiji. Orodha ilipita mezani pangu ikiwa na majina kumi na moja, nikapiga la kumi na mbili kwa mashine ileile.

Unakumbuka siku wazee wa kwetu Walungu waliponivika koti la marehemu Philémon, mdogo wangu, ili nikurithi. Ulinitazama ukasema, "Koti linakupwaya, karani. Livue kabla halijachafuka." Watu walicheka mpaka sokoni. Wiki tatu baadaye nilikuandika.

Nimempelekea Administrateur, mkuu wa teritwari, ungamo langu lenye sahihi. Labda watakufungua.

Shemeji yako,
Évariste

Kambini, 28 Machi 1957

Shemeji,

Salamu zimefika. Mimi ni mzima, joto lipo, mbu wapo. Barua yako ilifunguliwa ofisini kama zote, kwa hiyo karani wa huku alijua siri yako siku mbili kabla yangu.

Ulitaka habari. Tulishuka kwenye boti wanawake tisa. Msimamizi akasema mwanamke peke yake hapewi shamba wala nyumba. Tukapangwa mstari, wahamishwa wanaume wakapita wakitutazama meno na mikono. Mzee Alphonse alinichagua kwa sababu nina mabega. Wewe nilikukataa mbele ya ukoo mzima, Évariste, huyu sikuulizwa. Mchana natengeneza barabara, jioni nampikia. Si mtu mbaya. Anakohoa tu.

Mwenzangu Martine alinifundisha kuandika, kwa mkaa juu ya kifuniko cha sufuria. Tangu 1950, kila Pasaka nimemwandikia mwanangu, niliyemwacha kwenu, barua. Sijapata jibu hata moja. Yako ni ndefu, lakini jina la Adolphine halimo. Yuko wapi?

Mke wa mdogo wako,
Domitille

Bukavu, 15 Mei 1957

Shemeji,

Nakusalimu nikiwa kitandani. Anayenishikia kidau cha wino ni dada yangu Yolande.

Adolphine ni mzima. Ana miaka kumi na mitatu, ni wa kwanza darasani kwa masista. Ananiita Papa. Barua zako saba zimo ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda hiki.

Alikuwa akilia akikutafuta. Nikamwambia umekufa kwa homa. Kisha akataka kuona kaburi. Unajua aliyefia mbali tunamzikia mgomba. Nilikata mgomba wa urefu wako, nikaufunga kwa mkeka, tukauzika nyuma ya nyumba, tukakaa matanga siku nne. Kila sikukuu ya marehemu anaupelekea maua.

Nakuomba kitu kimoja. Niache nife nikiwa Papa wake. Haitachukua muda. Yolande atamwambia baada ya mazishi.

Kaka wa Philémon,
Évariste

Kambini, 2 Julai 1957

Évariste,

Hali yako siulizi, umeshaieleza.

Nilimsomea Martine barua yako, na nilipofika pale pa mgomba nilicheka. Akauliza, "Waliusomea misa?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi nenda shamba, marehemu, msimamizi anakuja." Tukacheka mpaka msimamizi akatufokea.

Sasa sikiliza. Wakinifungua kesho nitarudi wapi? Mtu aliyekaliwa matanga hapiti mlango wa kwao. Watoto watanikimbia, na wa kwanza atakuwa wangu. Hukunileta huku tu, uliniziba na njia ya kurudi.

Sitaki Yolande aseme. Sitaki Adolphine aambiwe wewe ukiwa maiti, akakosa wa kumuuliza. Ufukue huo mgomba mwenyewe, mchana, Adolphine akiwa amesimama hapo. Umpe kopo lake. Kisha ufe unavyotaka.

Mama Adolphine

Bukavu, 30 Agosti 1957

Mama Adolphine,

Nauliza afya yako, hata kama huulizi yangu.

Jumapili baada ya misa nilitoka na jembe. Nilipiga mara nne, pumzi ikaisha. Adolphine alidhani ni homa. "Papa, uko unafanya nini juu ya mama?" Nikamwambia, "Mama yako hayumo. Nilizika mgomba. Yeye ni mzima, nami ndiye niliyemfukuzisha." Alininyang'anya jembe, akachimba mwenyewe mpaka shimo likamfika kiunoni. Mgomba ulikwishaoza. Alikuta kipande cha mkeka, akakikung'uta udongo, akakikunja kama nguo.

Alisoma barua zako kizingitini, kwa kufuata miaka. Kisha akaomba karatasi. Alimuomba Yolande.

Sasa naitwa Muzee. "Muzee iko na kiu?" anamuuliza Yolande, nami nimelala papo hapo namsikia. Administrateur hajajibu ungamo langu.

Nisamehe, ukiweza.

Évariste

Kambini, 19 Oktoba 1957

Évariste,

Mimi ni mzima. Alphonse tulimzika Septemba, na shamba wameliandika kwa mwanaume mwingine, nami pamoja nalo. Amri ya kunifungua haijaja.

Barua ya Adolphine imefika, kurasa tatu. Anasema shimo hajalifukia na hatalifukia. Ananisubiri nilifukie mwenyewe. Anasema watakaonikimbia wakimbie, yeye atasimama mlangoni.

Nilipopokea bahasha nilikaribia kuitia motoni, kwa kuwa niliona mwandiko wako. Kumbe ni wake. Ulimfundisha kila herufi, hata ule mkia wa g. Kila nitakapomsoma mwanangu, nitakuona wewe kwanza. Hilo sikusamehi, na yale mengine pia.

Kuanzia leo nitamwandikia yeye. Hii ni yako ya mwisho. Juu ya bahasha nimemwandikia: kama Muzee yupo, msomee. Kama amekwenda, usiifungue. Iweke ndani ya kopo, chini ya kitanda chake, nayo ikae humo miaka saba, kama zangu.

Mjane wa Philémon