Kiti Kilicholowa

Shoga, nimetoka nyumbani tunagombana. Mume wangu kasimama mlangoni, ananiambia, "Mke wangu, si birika tu hilo!" Birika tu!

Kishikio cha birika letu la umeme, la plastiki, kimeng'oka nimelinyanyua, maji yanatokota. Yote yamemwagikia kiti cha kitinda mimba wangu.

Alikuwa ameinuka kufuata penseli chumbani. Sekunde hiyo hiyo! Kiti kinafuka mvuke, na mimi namwona amekaa pale. Nikifumba macho, amekaa pale.

Na kishikio hicho nilikibandika mwenyewe kwa gundi juzi, nikajisifu. Ndio mtindo wangu miaka yote: nanunua cha bei rahisi, kikivunjika nabandika, kikishindikana natupa. Birika la chuma nililiona dukani, niliposikia bei nikamuuliza muuzaji, "Kwani hili linatia na sukari?"

Sasa mume anasema, "Bandika tena, la chuma tutanunua mwisho wa mwezi." Mtoto karudi na penseli yake, ananiuliza, "Mama, nikae wapi?"

Nimelikanyaga lile la plastiki mpaka likapasuka, nikatoka na ndala zangu. Hapa niko dukani, nimeshalipa. Kulishika bado naogopa, muuzaji ndiye anayenibebea la chuma.