Twahiru ameua malkia wa mama yake

Asma, acha kila kitu usome! Twahiru wetu amejiletea haya mwenyewe 😂

Asubuhi ametuma audio kwa wote wanaocheza ule muchezo wake wa dadu na hadithi, kila mutu na muhusika wake: «Toleo jipya linatoka. La zamani limekufa, pamoja na wahusika wenu.»

Limekufa! Vile vile alisema, limekufa!

Muchana tukajaa kwake Keshero na viti, tunalia kama kwenye matanga, tunadai chakula cha kilio.

Mama yake, naye muchezaji, muhusika wake ni malkia, ndiye alimumaliza: «Mimi malkia wa Munigi, unaniua kwa audio? Unashindwa hata kuniaga?»

Sasa Twahiru anarekodi audio ingine: wahusika wa zamani wote wataingia toleo jipya. Mama amesimama nyuma yake, anamufundisha kila neno.