Ngoma Imepanda Hadi Mlangoni Kwetu

Nyumba ya Ngazi Tatu,
Mtaa wa Juu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka, Bwana Kesho,

Salamu nyingi kutoka kwetu tuliobaki. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri na unalala kwa wakati, ingawa nakujua: ukiwa na kazi husahau hata kwamba una tumbo. Mgongo je? Mara ya mwisho ulisema unakuuma ukiinama. Usijikaze kisabuni, nenda ukaangaliwe.

Sisi hapa tunapumua. Mama hajambo. Goti linamsumbua wakati wa baridi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Leo asubuhi amenigombeza mimi, amemgombeza jogoo wa jirani na mtangazaji wa habari, na hapo alikuwa bado hajanawa uso. Anakuulizia kila siku.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Ni kwa sababu simu hapa ni moja, haimtoki Mama mkononi; ukipiga, yeye ndiye anayepokea, tena anafungulia sauti nyumba nzima isikie, na haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema mbele yake. Barua hii nitampa dereva wa lori anayepita huko kwenu. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Kwanza nikupe habari za kazi, maana ndiko mambo yalikoanzia. Matembezi yangu ya kuwaonyesha wageni mji yamechangamka. Ulipokuwa unaondoka ulinicheka, ukasema ni nani atakayetoka kwao kuja kutembezwa kwenye mji ambao ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakupa pole. Basi wanakuja kila Jumamosi. Tunaanzia posta ya zamani, tunashuka sokoni, nawaonyesha mizani ya chuma iliyokuwa ikipimia chokaa, na mifereji iliyochorwa na magurudumu ya mikokoteni kwenye mawe ya barabara. Nawaonyesha mlango wa mahakama usio na kitasa upande wa ndani, nawaambia walikiondoa ili hakimu asitoroke kabla kesi haijaisha. Wanacheka. Redio ni Redio, jina mlilonipa utotoni sasa linanilisha. Mwisho tunapanda Mtaa wa Juu, penye Ngoma.

Ngoma unaikumbuka. Ni pale mbele ya kisima kilichofukiwa, ambapo Baba alikuwa akipiga mtaimbo wake chini na barabara inaitika. Wengine huja kwa ajili ya hapo tu. Nawaeleza kama Baba alivyokuwa akieleza, kwamba waliojenga mji huu hawakwenda mbali kutafuta mawe. Walichimba chini ya miguu yao, wakayatoa mawe shimoni na kuyapanga juu, wakaacha nguzo za mwamba huko chini zishike dari. Kisha nawaambia wapige miguu. Wanausikia ule mlio, wanatazamana, wanacheka, wananunua maji ya baridi dukani na kwenda zao.

Baba alikuwa na msemo wake: ardhi iliyoshiba hukaa kimya, yenye njaa hunguruma. Naye alinionyesha mipaka. Ngoma inaanza kwenye kisima na kuishia kwenye ile nguzo ya taa iliyopinda. Kutoka nguzo ya taa kupanda juu hadi kwetu na kuendelea, ardhi imeshiba. Niliikariri hivyo, na miaka yote imekuwa hivyo.

Kaka, mwaka huu mvua zilipokwisha, Ngoma ilivuka nguzo ya taa.

Si mimi niliyegundua, na hilo linaniuma. Aligundua mgeni, muuguzi mmoja mstaafu, mnene na mcheshi, aliyekuwa amechoka akaenda kuegemea ukuta wa fundi cherehani. Akapiga mguu kwa mchezo tu, akasema, "Mbona na hapa panaitika?" Nikamwambia ni mwangwi. Akapiga tena, na haukuwa mwangwi. Wenzake wakaja, wakaanza kupanda barabara wakipiga miguu, wanatafuta Ngoma inaishia wapi. Nilifuata nyuma na mtaimbo wa Baba mkononi, nikitabasamu kwa sababu ndiyo kazi. Wakampita fundi cherehani, wakampita kinyozi. Kila hatua nilisema moyoni itaishia hapa. Wakafika kwenye ngazi zetu tatu, ngazi zikawazuia, wakanigeukia wakingoja maelezo.

"Na nyumba hii ni ya nani?" yule muuguzi akauliza.

"Ya mama yangu," nikasema.

Wakacheka sana. Walidhani ni sehemu ya hadithi.

Tangu siku hiyo nimekuwa kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani, nachungulia kila kitu. Fundi cherehani alikuwa ameona kabla yangu. Mlango wake wa duka haufungi tena, ameuranda mpaka umebaki mwembamba na bado haufungi. "Siku hizi nyuzi zangu zina akili," aliniambia. "Nikiangusha kibiringo cha uzi popote, kinaijua njia ya kwenda kona ile." Alicheka, nami nikacheka, na wiki iliyofuata akabeba cherehani yake akahamia kwa shemeji yake.

Kuna na bomba jipya la maji walilolaza mwaka jana, pale linapokata kona juu kidogo ya nyumba yetu. Linavuja tangu siku ya kwanza. Alfajiri, mji ukiwa kimya, unalisikia linavyochuruzika. Lakini nenda ukatazame, hukuti tope. Maji yanaingia ardhini na hayatokei popote, na hakuna anayeuliza yanakwenda wapi, kwa kuwa bomba lisilochafua viatu vya mtu halina mlalamikaji.

Nilimwita fundi mwashi, rafiki yake Baba. Alitazama ufa ulio kwenye ukuta wa chumba chako cha mbele, akabandika vipande vyembamba vya kioo kukatiza ufa, kimoja juu na kimoja chini, kwa saruji. Ukuta ukitulia, kioo kinabaki kizima. Ukuta ukijongea hata unywele, kioo kinakatika. Alhamisi nilikuta cha juu kimekatika katikati. Cha chini Mama alikuwa ameshakifagia, akasema kimevunjwa na paka. Hatuna paka, Kaka, na jirani naye hana.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Redio, mwanangu, mji huu ulikuwa umekufa. Leo tumepata kitu kimoja cha kuitiwa watu, wewe unataka kukitia mchanga?" Alisema taarifa ataipeleka, wataalamu watakuja bajeti ikiruhusu. Mimi mwenyewe niliandika wilayani, na mpaka leo ni kimya. Wakati huo huo yeye amealika mabasi mawili ya wageni, Jumamosi ya tarehe 22. Anataka wapangwe kutoka kisimani mpaka kwenye ngazi zetu, mtu wa kamera apande juu ya paa la kinyozi, kisha watu wote waruke kwa pamoja ili mlio usikike mpaka sokoni. Nilimwambia mimi siwaongozi. Akasema hakuna shida, kinyozi naye anajua kuongea.

Siku hiyo nitasimama katikati ya barabara na kuwazuia, waniite kichaa wakitaka. Ninaweza kuwazuia wageni. Nisiyemweza ni Mama.

Kwa Mama Mdogo kule bondeni kuna chumba kinatungoja, kimepakwa chokaa na kitanda kimo. Ardhi ya kule nimeipiga mtaimbo mpaka mkono ukaniuma, imeshiba kabisa. Mama hataki. Nimejaribu kila njia. Nilimdanganya kwamba Mama Mdogo yu mahututi. Akashika njia na goti lake bovu na chungu cha supu, akamkuta mgonjwa anaanika nguo huku anaimba, akarudi siku hiyo hiyo na supu yake. Hajanisamehe.

Sababu yake ni wewe. Siku unaondoka ulisimama kwenye ngazi ya chini, begi begani, ukamwambia, "Usihame hapa, Mama. Nikirudi nataka nikukute hapa hapa." Ulisema kama asemavyo mtu yeyote anayeaga. Naamini hata hukumbuki. Mama aliyapokea maneno hayo kama kiapo, na ndicho kinachomkalisha kwenye nyumba hii.

Juzi nilimwambia wazi, bila kuzunguka. Akaendelea kukunja nguo.

"Mimi nilimwahidi mwanangu," akasema. "Aje abishe hodi akute patupu, nitamwambia nini?"

"Mama, ardhi itatumeza."

"Basi atajua nilikuwa nyumbani."

Nilitoka nje, nikasimama uani kama mjinga.

Kuna jingine ambalo nimekaa nalo peke yangu. Tangu mvua zilipokwisha, Mama halali chumbani kwake. Analala kwako. Anasema chumba kisicholalwa hununa, na mwenyewe akirudi kitamkataa. Ametandika lile shuka lako la buluu. Nilimngoja aende dukani, nikachukua mtaimbo nikapita nyumba nzima. Jikoni, kimya. Sebuleni, kimya. Chumbani kwa Mama na kwangu, kimya. Kwako niligonga kidogo tu, kama mtu anayebisha kwa adabu, na chini kukaitika. Nikarudisha mkeka mahali pake, nikakaa juu ya kitanda chako nikalia. Naogopa, Kaka. Sijawahi kuogopa hivi.

Sasa ombi langu. Usimweleze habari za machimbo. Aliolewa na mtu wa mawe, anayajua hayo kuliko mimi na wewe. Usimgombeze, atakuja juu. Usimpigie simu, atakubishia mpaka ukubali abaki. Mwandikie kwa mkono wako, maana mwandiko wako anaujua, maneno machache tu: Mama, hamia kwa Mama Mdogo, uningojee huko, nikija nitakuja huko. Basi. Fundo hili ulilifunga wewe, na mwenye kulifungua ni wewe. Mpe dereva huyu huyu, atapita hapa kabla ya tarehe 22. Nakuomba usiseme kesho. Wewe na kesho mmekuwa ndugu kuliko mimi na wewe, na siku zote nimekutania kwa hilo, lakini safari hii sitanii.

Ukishindwa hata kuandika, mpe dereva kitu chako anachokijua Mama, kofia, shati, chochote, na umtume aseme ni cha kupeleka kwa Mama Mdogo. Nadhani Mama atakifuata.

Msalimie wifi, na mwanao umwambie shangazi yake anamdai picha. Mama Mdogo anakusalimu, anasema sasa hivi yu mzima kuliko tulivyomsingizia. Fundi cherehani anakusalimu pia. Suruali uliyoacha ikapunguzwe kiuno bado anayo, alihama nayo, anasema kwa jinsi ulivyokawia huenda sasa ikahitaji kuongezwa.

Mama anakusalimu kuliko wote. Hajui naandika nini. Nimemwambia ni barua ya salamu, akasema nikwambie kwamba yupo, palepale. Sasa hivi yuko chumbani kwako, amekaa sakafuni karibu na dirisha kwa ajili ya mwanga, anatwanga viungo kwenye kinu kidogo. Mimi niko sebuleni, mlango uko wazi, namwona mkono unavyopanda na kushuka. Kila pigo nalisikia mara mbili. La kwanza ni la mchi. La pili linatoka chini, na linakawia kidogo.

Mungu akupe afya na njia nyeupe, na sisi atushikie sakafu mpaka jibu lako lifike.

Mdogo wako akupendaye, anayetembea kwa ncha za vidole nyumbani kwao,

Redio