Dawa ya Mbuzi wa Mama Nyemo

Mlali, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu umepungua kuvimba? Huko Lushoto najua ni ukungu na matope. Huku ni vumbi, na maji tunayafuata mbali kwa baiskeli. Mimi mzima, ila nimechoka, mama. Vijiji vitano, afisa mifugo ni mimi peke yangu.

Nikueleze lililonielemea. Kuna mjane hapa, Mama Nyemo, alikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Wakishikwa na minyoo huchemsha magome ya mti wa porini akawanywesha. Nilimwambia aachane na magome, nikawapa dawa ya chupa. Chupa ilikuwa inaelekea kuisha na maboma mengine mawili yalikuwa yananisubiri, kwa hiyo nikapima kwa macho, kidogo kidogo. Wiki tatu baadaye wawili wakafa. Nilipompasua mmoja, tumbo limejaa minyoo.

Mama Nyemo hakunigombeza. Aliuliza tu, "Dokta, hii dawa yako inatokana na mti gani?"

Niliona aibu. Miaka yote naigawa, na sikujua. Nikaenda kusoma, nikarudi kwake Alhamisi.

"Haitoki kwenye mti," nikamwambia. "Inatoka udongoni. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinaishi kwenye udongo. Wanavikuza, wanachukua kile vinachotoa, wanakitengeneza kiwandani. Ndicho kinachopooza minyoo."

Akachota udongo kiganjani, akautazama.

"Kama ni dawa nzuri hivyo, mbona wangu wamekufa?"

Ningeweza kusingizia ukame. "Niliwapunja, mama. Dawa ilikuwa chache, nikawapa pungufu."

Akaumwaga ule udongo. Kisha akaingia zizini, akamshika jike mmoja pembe.

"Haya, njoo upime sawasawa."

Tuliwapima wote tisa, utepe kifuani kukadiria uzito, mmoja mmoja, kila mmoja akanywa kipimo chake. Tulipomaliza nikamwomba anionyeshe ule mti wake na kiasi cha magome anachochemsha.

"Leo umechoka," akasema. "Njoo siku nyingine."

Msalimie kaka Hamisi na cherehani yake, na shangazi wa bondeni mwambie kitenge kilifika. Likizo nimenyimwa, hakuna wa kunishikia kazi. Idi msinisubiri, nyie kuleni tu.

Mwanao,
Zaina