Hongera ya Afande Theodori

Nangara,
S.L.P. 214,
Babati.
16 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Bernadetha,

Shikamoo. Baridi ya Njombe inasemaje? Na goti lako, maumivu yamepungua? Sisi huku tu wazima, na kwa furaha niliyo nayo nimeunguza maharage mara mbili wiki hii.

Ndoa ni tamu, shangazi! Miezi minne sasa, na bado nikisikia bajaji ya Alfred inakata kona, moyo unaruka.

Jumamosi asubuhi nilipima, nikaona mistari miwili. Nina mimba! Unajua kwa watu wa Alfred habari kama hii mama mkwe huisikia kwanza, tena kutoka vinywani mwetu. Akiipata nje, umemvunjia heshima. Lakini nilishindwa kumsubiri mume wangu, nikamwandikia: "Baba kijacho wangu, mistari miwili! Funga mdomo mpaka mama asikie."

Kumbe dakika ile amesimamishwa na trafiki. Leseni yake siku hizi iko ndani ya simu, na alivyolelewa, mkubwa hupewa kitu kwa mikono miwili. Basi akatoa simu nzima, imefunguliwa, kwa mikono miwili! Jua lilikuwa kali, Afande Theodori akaenda kuisomea kivulini. Ujumbe wangu ukatokea juu ya leseni.

"Leseni iko sawa. Hongera, baba kijacho."

"Afande, hilo nalo liko kwenye leseni?"

"Limenijia lenyewe. Wahi kwa mama yako, saa kumi niko naye kwaya."

Alfred akaja kunichukua mbio, tukaenda Mutuka kwa mama mkwe. Mama alikuwa anapiga pasi sare ya kwaya. Tulipomwambia alinikumbatia mpaka sare ikaanza kunuka moshi.

Niliona aibu, shangazi. Mapenzi yetu yote yamo kwenye simu ile! Sasa Alfred anazima data kwanza, anafungua leseni, na simu haimtoki mkononi: "Soma tu, afande, nakushikia." Nao wanasoma, hawagombi.

Jana baada ya ibada mama alimvuta Theodori pembeni akamnong'oneza. Afande akashika kichwa: "Usiniambie! Kweli, mama?" Alitazama kila mahali isipokuwa kwa Alfred. Mama aling'aa siku nzima kwa kuwa wa kwanza, nasi tumemwachia hivyo.

Nisalimie binamu Sijaona na mdogo wake Nosim. Mungu akupe joto na magoti ya kuja kumpakata mjukuu. Kwa haki wewe ni wa tatu kujua, shangazi, lakini tafadhali jihesabu wa pili.

Mwanao akupendaye sana,
Hosiana